Maombi ya Kuwasha Seva

Lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni tangu asubuhi, kisogo kimeelekezwa kwenye ngazi na bodi ya nyuma imeshushwa, kama mdomo unaongoja kulishwa. Mwenye lori alikuwa amekaa juu ya meza ya mwalimu, miguu inaning'inia, anatafuna karanga huku akimtazama shemeji yake akihangaika.

"Shemeji," alisema, "hilo dude likikushinda uniambie mapema. Mgongo wangu unataka kujiandaa."

"Halijanishinda."

"Sijasema limekushinda. Nimesema likikushinda."

Shemeji huyo, mtaani walimwita Kinyozi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya seva, mikono ya shati imekunjwa, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anafungua skrubu ya mwisho ya kifuniko. Seva yenyewe ilikuwa bapa na ndefu kama droo iliyong'olewa kabatini, na nzito kiasi kwamba vijana walioileta waliitua, wakashika viuno, wakaondoka bila kuaga. Ilitoka kwenye ofisi moja iliyofunga milango yake zamani, na kabla ya kufika hapa ilikaa stoo mpaka buibui wakajenga ndani yake na kupata wajukuu.

Hapa palikuwa darasa la jioni la watu wazima, chumba cha nyuma cha kituo cha jamii, chenye ubao mmoja, madirisha yasiyofunguka na kompyuta chache za mezani zilizounganishwa kwa nyaya. Kompyuta hizo hazikuwa na kitu ndani yake. Zilihitaji seva, yaani kompyuta kubwa ya kuzihudumia zile ndogo, iwe na masomo yote ndani, kila mwanafunzi avute lake kutoka humo. Mwalimu wao alikuwa ameshaandaa kila kitu: mfumo wa kuiendesha seva, uitwao Linux, pamoja na masomo yake yote, akaviweka kwenye flash na tena kwenye DVD, kwa tahadhari. Kisha mama yake akaugua, akapanda basi kwenda kumuuguza, akawaachia wanafunzi wake seva, flash, DVD na namba ya simu isiyopatikana.

Msimamizi wa kituo hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke wa mpangilio. Alikuja akasimama mlangoni na funguo zake, akaitazama seva iliyokufa, akawatazama wanafunzi waliokaa mbele ya skrini nyeusi, akasema, "Darasa lisilo na masomo si darasa. Ni watu waliokaa." Akawapa mpaka Jumamosi alasiri. Kama seva haitawaka, itachukuliwa na lori kupelekwa kwa wanunua vyuma chakavu, na chumba kitakuwa stoo ya viti vya ukumbini. Lori alilolikodi, kwa bahati ambayo Kinyozi alishindwa kuamua kama ni nzuri au mbaya, lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mke wake.

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Kwa wengine lilikuwa darasa tu. Kwa Kinyozi halikuwa hivyo. Aliacha shule akiwa mdogo, ndevu hazijaota, akashika mkasi wa baba yake. Ukubwani alijiunga na masomo ya jioni, mwalimu akahamishwa, darasa likafa. Akajiunga tena, chumba kikageuzwa ghala la unga. Hili lilikuwa la tatu, naye nywele zake mwenyewe zilikuwa zimeshaanza kumkimbia. Kila jioni, akifunga kibanda chake cha kunyolea na kuvuka barabara, moyo wake ulikuwa unamdunda kama wa mtoto aliyeshonewa sare mpya. Alikuwa amemwambia Mungu waziwazi, bila kuzunguka: Bwana, hili nalo likifa sina nguvu ya kuanza tena. Unanijua.

"Kifuniko hicho kimetoka," alisema Bibi Mkunga. "Sasa nipishe nimwone."

Bibi Mkunga alikuwa mwanafunzi mwenzake, mkunga mstaafu aliyejiandikisha ili, kwa maneno yake, asifie kwenye kiti cha plastiki akitazama kuku. Nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa uchi, na hakumwogopa yeyote kati yao. Alivuta kiti, akakaa, akaegemeza sikio.

Kinyozi akaweka kiganja juu ya mashine, akabonyeza kitufe, akafumba macho.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na kila mtu darasani alishaizoea. Kinyozi hakuwasha kitu chochote bila maombi. Tena hakuomba kwanza ndipo awashe. Aliwasha, na kitu kikianza kunguruma mkononi mwake, hapo hapo anaomba. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi na mashine yake ya kunyolea, ikivuma kiganjani, mteja wa kwanza akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima au kwa hofu. "Kitu kinachoamka ndicho kinachohitaji kusindikizwa," alikuwa akisema, mtu akimuuliza. "Kilicholala kina shida gani?"

"Ee Mungu wetu," alianza, na wengine wakainamisha vichwa, "uliyetufikisha asubuhi hii..."

Seva ikapiga kelele. Tiii. Tiii. Tiii. Sauti kali, ya kulalamika, isiyokoma.

"Huyu ana njaa," Bibi Mkunga alisema.

"Huyu anapiga honi ya kurudi nyuma," alisema Dereva, yule mwenye lori. "Anajua lori liko wapi."

Kinyozi alikumbuka somo la wiki iliyopita: mashine ikilia hivyo mara nyingi kumbukumbu zake hazijakaa vizuri. Akaizima, akang'oa vile vijiti vya kumbukumbu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya taulo safi, kama anavyopanga vifaa vyake dukani. Akavifuta meno kwa kifutio cha penseli. Akachukua ile brashi yake laini ya kupangusia shingo za wateja, akapangusa mitaro yote mpaka vumbi likatoka wingu zima, Dereva akapiga chafya, karanga zikaruka.

"Unamnyoa au unamtengeneza?"

"Kaa kimya, shemeji, au nikupanguse na wewe."

Akarudisha vijiti, kila kimoja mpaka kikaitika *ka*. Akawasha, akaomba. Safari hii haikulia. Feni zote zilianza pamoja, kwa mvumo hadi karatasi za ubaoni zikapeperuka na Bibi Mkunga akashika kitambaa chake cha kichwa.

"Imepona!" alipaza sauti Kinyozi.

"Nini?"

"Nimesema imepona!"

"Mbona unanigombeza?"

Ikawa kila neno sasa lazima lisemwe kwa sauti ya mnadani. Kinyozi akachomeka flash ya mwalimu. Mashine haikuitambua. Akaichomeka mbele, akaichomeka nyuma, akaipuliza, mashine ikawa haina habari nayo kabisa. Ilitengenezwa enzi nyingine, vitu hivi vidogo haikuvihesabu. Ikabaki DVD. Lakini mlango wa DVD nao uligoma kufunguka, ukabonyezwa, ukabembelezwa, wapi, mpaka Bibi Mkunga akachomoa pini kwenye nywele zake, akainyoosha kwa meno, akaiingiza kwenye kitundu kidogo kando ya kitufe.

"Asiyetaka kutoka anasaidiwa," alisema, na mlango ukateleza nje polepole. "Umeona? Wala hakulia."

Kulikuwa na shida nyingine. Kinyozi aliiambia seva, kwenye kurasa zake za mipangilio, kwamba ianze kwa kusoma DVD, ikakubali. Akaizima ili aweke waya vizuri, akaiwasha, ikawa imesahau kila kitu, hata mwaka. Skrini ilisema ni Januari ya mwaka ambao Kinyozi alikuwa bado hajaoa.

"Mrudishe huko huko," alisema Dereva. "Umwambie yule kijana asimwoe dada yangu, atapata shemeji wa hovyo."

"Ni betri yake ndogo imekufa," alisema Kinyozi, akimulika ndani kwa simu. "Hiki kidude cha duara kama kifungo cha koti. Kikifa inasahau kila ukiizima."

"Kama marehemu mume wangu," alisema Bibi Mkunga. "Ila yeye hata nikimwacha amewaka alikuwa anasahau."

Kinyozi akakitazama kile kifungo. Kisha akageuza kichwa, taratibu, akatazama funguo za lori zilizolala mezani kando ya karanga, na kirimoti chake cheusi.

Dereva akaziweka mfukoni.

"Shemeji."

"Hapana."

"Ndani ya hicho kirimoti kuna betri kama hii hii. Nimewahi kukubadilishia mwenyewe."

"Wewe mtu, nisikilize. Mimi nimekuja kuchukua mzigo. Mzigo ukipona, mimi sina kazi. Sasa unataka nitoe betri ya gari langu nimpe mzigo wangu, ili upone, unikimbie?"

"Ndiyo."

"Unajisikiliza lakini?"

"Nitampigia dada yako."

Dereva akashusha miguu sakafuni. Akamtazama Kinyozi, akaitazama simu iliyokuwa tayari mkononi mwake, akafikiria maisha yake ya baadaye katika ukoo ule. Akatoa funguo.

"Hayo siyo maombi," alisema akifungua kirimoti kwa ukucha. "Hivyo ni vitisho. Mungu ameona."

Betri ikaingia. Seva ikaacha kusahau. DVD ikasomwa, na kwa mara ya kwanza skrini ikajaa rangi na maneno ya kukaribisha. Kinyozi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aone vizuri zaidi jambo lile. Akachagua lugha. Akachagua saa za mahali. Akachagua kibodi. Kila alipobonyeza, mfumo ulimpeleka mbele kwa adabu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka ulipofika kwenye swali la wapi ujisimike, ukamwambia kwamba haukuona diski yoyote kwenye mashine hii.

"Haiwezekani," alisema. "Diski zipo mbili. Nazigusa."

Zilikuwepo. Zilikaa kwenye vyumba vyake mbele ya seva, kila moja na taa yake ya kijani. Alizichomoa, akazirudisha. Akabadilisha nafasi zake. Akawasha upya, akaomba, akasema Amina. Skrini ikaleta rangi zile zile, ukaribisho ule ule, na jibu lile lile.

Saa sita ikapita. Kinyozi akatoka nje hadi kwenye ngazi, akainua simu juu kama mtu anayetega mvua, akampata mwalimu. Sauti ilikuwa ya kukatikakatika lakini maneno yalifika.

"Diski siyo mbovu, baba," alisema mwalimu. "Kuna kadi inazisimamia, na bado hazijaandikishwa kwenye hiyo kadi. Mashine yenyewe itawaonyesha pa kuingilia. Ni wakati inaanza kuwaka, mstari unapita chini ya skrini, haukai. Muwe makini tu muu..."

Simu ikakata, na haikupatikana tena.

Kinyozi alirudi ndani uso umeng'aa. "Jamani, sogeeni! Mwalimu amesema kuna mstari. Inapoanza kuwaka tu, tutauona chini ya skrini. Unapita haraka. Kwa hiyo naomba umakini. Shemeji, shuka mezani. Bibi, geuza kiti. Macho yote kwenye skrini."

Wakajipanga kama watu wanaopigwa picha. Kinyozi akaweka kiganja juu ya mashine, akabonyeza kitufe, feni zikavuma.

"Tuombe," alisema.

Vichwa vikainama. Macho yakafumbwa. Kinyozi aliomba kwa moyo wake wote. Alimwomba Mungu afumbue macho yao waone. Alimkumbusha kwamba yeye huona hata yaliyositirika. Aliwaombea mama wa mwalimu, kadi, na diski zote mbili. Kwa bahati, seva ile ya kale ilikuwa na uvivu wa kuamka uliolingana kabisa na maombi yake, kama nguo na mtu aliyepimwa na fundi. Aliposema Amina, rangi za kukaribisha ndiyo kwanza zilikuwa zinatokea.

"Mmeuona?"

"Sijaona kitu," alisema Dereva.

Bibi Mkunga alikuwa anatazama kucha zake.

"Labda haukupita," alisema Kinyozi. "Tunarudia. Na safari hii tuongeze imani."

Waliongeza imani. Maombi yakawa marefu zaidi, na Dereva, ambaye alianza kwa kuguna, sasa alikuwa anaitikia "Ndiyo, Bwana" mahali pake panapofaa. Amina ikasemwa. Rangi zikatokea. Diski hazikuonekana. Wakarudia tena. Kinyozi sauti ilianza kumkauka. Mwishoni akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono imelegea juu ya magoti.

"Basi," alisema, na kwa mvumo wa zile feni ilibidi aseme tena. "Basi, shemeji. Leta kamba zako. Nadhani Mungu amenijibu, ila ni jibu ambalo sikulitaka."

Dereva hakusogea. Alimtazama shemeji yake, mtu mzima na brashi yake ya shingo mfukoni, akajikuta anasaga karanga moja kwa vidole mpaka ikawa unga.

"Mwanangu," alisema Bibi Mkunga.

"Naam, bibi."

"Huo mstari. Una maandishi meupe? Upo chini kabisa, halafu unasema ushike kibonye cha Control na herufi R?"

Kinyozi akainua kichwa kutoka ukutani.

"Umeuona lini?" aliuliza Kinyozi.

"Mara zote."

"Mara zote! Tangu asubuhi?"

"Unakuja ukifika pale unaposema 'uliyetufikisha,' unaondoka kabla hujafika kwa wagonjwa."

"Bibi," alisema Kinyozi, akisimama polepole kwa kushika ukuta, "sasa, umeuonaje, na sisi tulikuwa tumefumba macho?"

Bibi Mkunga akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Huyu alikuwa mwanamke aliyekaa mstari wa mbele katika kila ibada, ambaye Amina yake iliwaamsha watu wa mstari wa mwisho.

"Nyinyi mlifumba," alisema. "Mimi sijawahi kufumba macho kwenye maombi tangu nianze kazi. Nikifumba macho, mtoto ataangukia wapi? Naomba, lakini natazama. Nikazoea. Sasa ningesemaje? Ningesema nimeuona, mngeniuliza kama unavyoniuliza sasa."

"Ha!" alipiga kelele Dereva, akiruka. "Haa! Na mimi je? Mimi ninayeitwa mhuni wa ukoo, nilifumba! Nilikaza mpaka nikaona nyota! Bibi yuko macho kodo, na mimi niko gizani naitikia!"

"Umefanya vizuri, baba. Mungu amekuandikia."

Kinyozi alitaka kukasirika. Alijaribu kweli, alikunja uso, akafungua mdomo. Lakini alimwona Bibi Mkunga amekaa pale na aibu yake na pini yake iliyonyooka, akamwona shemeji yake anajipiga kifua kwa utakatifu mpya, kicheko kikampanda kutoka tumboni bila ruhusa. Alicheka mpaka akashika meza.

Kisha akaangalia saa ya ukutani na kicheko kikakatika.

"Bibi, wewe shika Control. Shemeji, kidole kwenye R. Mimi nawasha."

"Na maombi?" aliuliza Dereva, kwa wasiwasi wa mwongofu.

Kinyozi alisita. Kuiacha mashine iamke bila neno hakuweza. Mkono wake ungekataa. "Yapo," alisema. "Ila leo tunaomba tunatazama."

Haikuwa kazi ndogo. Alipoizima, akaiwasha na kuanza kuomba macho wazi, vitu vyote vya chumba vilimwingilia. "Ee Mungu wetu," alisema, na akaona shati la shemeji yake limekosa kifungo. "Uliyetufikisha asubuhi hii, ingawa sasa ni mchana," na akaona kisogo cha Dereva kinahitaji kunyolewa, tena upande mmoja kimeharibiwa na kinyozi mwingine, jambo ambalo watalizungumza. "Tunakuomba, Bwana, kwa unyenyekevu, utupe... *bonyeza!* Bonyeza, bonyeza, bonyeza! Huo hapo! Amina!"

Bibi Mkunga alikandamiza Control kwa vidole vya mtu aliyezoea kutoachia. Dereva alipiga R kana kwamba ni breki. Skrini ikawa ya bluu, ikafungua ukurasa ambao hawakuwahi kuuona, na humo, moja chini ya nyingine, zikaandikwa diski zao mbili.

Mengine yalitaka uangalifu tu, na hapo Kinyozi alikuwa mtu wa uangalifu. Alisoma kila mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Alizifunga diski zote mbili pamoja, kila moja ishike nakala ya mwenzake, ili moja ikifa nyingine iendelee. Akaonywa kwamba vyote vya zamani vitafutika. Akawauliza wenzake, wakasema vifutike. DVD ikasomwa tena. Ukurasa wa diski ulipofika, diski ilikuwepo. Kinyozi alibonyeza "endelea" kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kushoto kwenda kulia. Ulipofika mwisho, Kinyozi alitoa DVD, akaiweka juu ya taulo.

Ndipo funguo zikasikika mlangoni.

Msimamizi aliingia, akaziba masikio. "Ni nini hiki? Ndege?"

"Shikamoo, mama," alipaza sauti Kinyozi, ingawa walilingana umri. "Ni seva! Inafanya kazi!"

"Naona inapiga kelele. Kupiga kelele siyo kazi, hata watu wanajua kupiga kelele." Akaitazama skrini, kisha akamtazama Dereva. "Na wewe mbona hujapakia?"

"Wananichelewesha, mama," alisema Dereva, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Izimeni. Kabisa, mpaka kwenye umeme. Kisha muiwashe mbele yangu. Nisije nikaondoka hapa, Jumatatu nikaambiwa imekufa tena."

Kinyozi alichomoa waya. Feni zikasimama. Akahesabu pumzi kadhaa, akachomeka, akabonyeza. Feni zikavuma. Skrini ikabaki nyeusi. Ikabaki nyeusi kwa uvivu wake ule wa siku zote, ambao watatu kati yao waliujua na mmoja hakuujua.

"Mbona haina kitu?" aliuliza Msimamizi.

"Inakuja, mama."

"Inatoka wapi?"

Kinyozi akafungua mdomo ili aombe, lakini koo lilikuwa limekauka kabisa; hewa ilitoka, neno halikutoka. Alisimama pale na kiganja juu ya mashine, akiona viti vya ukumbini vimepangwa hadi darini na ubao umegeuziwa ukuta. Na hapo, kutoka nyuma yake, akasikia sauti nzito isiyo na mazoezi.

"Mungu," alisema Dereva. "Mimi ni yule mwenye lori. Sijawahi kukusumbua sana. Huyu shemeji yangu ana kelele lakini anakupenda. Iwashe hii kitu. Mzigo mwingine nitatafuta. Amina."

"Amina!" Bibi Mkunga aliitikia, macho yamemtoka pima.

Mstari mweupe ukapita chini ya skrini, wakauacha upite. Maandishi yakamiminika kama mchanga. Kisha yakasimama, na skrini ikauliza jina la anayeingia.

Msimamizi akatia funguo mfukoni. Alikwenda mpaka kompyuta ya mwisho, ile ya kona ambayo kila mtu aliikwepa kwa sababu kiti chake kilikuwa kinayumba, akaiwasha mwenyewe, akaketi, akayumba. Ikatafuta, ikapata. Masomo ya mwalimu yakajitokeza yote, kila moja na kichwa chake. Akafungua moja la katikati, akalisoma kidogo, akalifunga.

"Mwalimu akirudi," alisema, "mwambieni atafute njia ya kuinyamazisha. Wa ukumbini watalalamika."

"Kwa hiyo darasa..." alianza Kinyozi.

"Darasa Jumatatu, kama kawaida. Nimesema nini kingine?" Akamgeukia Dereva. "Na wewe, hivyo viti bado havina pa kukaa. Utavipeleka stoo ya mjini. Anza sasa hivi kabla jua halijazama."

Dereva akatoka mbio kabla Msimamizi hajabadili mawazo. Tusisahau kusema kwamba dakika hiyo hiyo alifungua mlango wa lori kwa ufunguo mtupu, maana kirimoti hakikuwa na betri, na king'ora cha lori kikalia mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Lakini hilo alimalizana nalo mwenyewe.

Msimamizi alikwenda kumgombeza. Bibi Mkunga akarudisha pini kwenye nywele, ikakataa kukaa kwa sababu ilikuwa imenyooka, akaitia mkobani na kuaga. "Twende, mwanangu. Umeshinda njaa."

"Tangulia, bibi. Nakuja."

Kinyozi alivuta kiti mbele ya kompyuta ya karibu. Akaingia kwenye masomo, akapanda juu mpaka mwanzo kabisa, akalifungua lile la kwanza. Bibi Mkunga, aliyekuwa ameshafika mlangoni, aligeuka, akarudi, akachungulia juu ya bega lake.

"Somo la Kwanza: Jinsi ya kuwasha kompyuta," alisoma kwa sauti ili ashinde feni. "Aa, hilo tumeshalimaliza leo. Ruka, nenda mbele."

"Siruki hata moja," alisema Kinyozi.

Mstari wa kwanza ulimwambia mwanafunzi akae vizuri, mgongo umenyooka, miguu yote miwili sakafuni. Kinyozi akanyoosha mgongo. Akatazama chini, akaiweka miguu sawa. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili.